Mlakasa, Ua Linaloshika Mchanga

Mhadhara wa wazi mbele ya wakazi wa pwani, walimu na mafundi bustani. Umechapwa kama ulivyotolewa, pamoja na maneno ya pembeni waliyoambiwa wasikilizaji.

Jioni hii nzima imetengwa kwa ajili ya mmea ambao haulimwi, hauuzwi sokoni, na ambao wengi waliomo humu wameukanyaga tangu utotoni bila kuuliza jina lake.

Jina lake ni mlakasa. Wengine husema lakasa tu. Ndio ule mtambaa wenye maua ya rangi ya waridi na zambarau, unaoanzia pale maji ya bamvua yanapoishia na kupanda taratibu hadi chini ya minazi. Hapa mezani kuna ndoo ya marando yake, yamekatwa leo alfajiri. Rando moja litapitishwa mkono kwa mkono wakati mhadhara ukiendelea. Ombi ni kwamba kila mmoja alishike, aliangalie kwa utulivu, kisha ampe jirani.

Lengo la mhadhara ni kuonyesha kwamba mlakasa, ua-mwitu linaloishi miaka mingi na kustahimili chumvi, jua na upepo, unafaa kufunika ardhi ya bustani ya pwani kuliko maua na nyasi nyingi zinazonunuliwa kwa fedha. Na kwamba desturi ya kuung'oa ili ufukwe uonekane msafi inawagharimu watu wa pwani mchanga wao wenyewe. Hoja ni tano. Zimepewa namba ili iwe rahisi kuzipinga wakati wa maswali, lakini hazina uzito sawa. Ya pili ndiyo nguzo, na ndiyo itakayochukua muda.

1. Mlakasa ni ndugu wa tembele

Aliye na rando mkononi sasa aanze na jani. Ncha yake imegawanyika mara mbili mfano wa kwato za mbuzi. Ni nene, linateleza kidogo, na limejikunja katikati kama msahafu uliofunguliwa nusu. Aligeuze upande wa chini: pale jani linapoungana na kikonyo pana vitezi viwili vidogo, kila kimoja sawa na kichwa cha pini. Vitezi hivyo hutoa maji matamu, ndiyo maana sisimizi hawakosekani kwenye mlakasa hata siku isiyo na ua. Kisha avunje kikonyo. Utatoka utomvu mweupe kama maziwa.

Yeyote aliyewahi kuchuma matembele ameshatambua jambo. Utomvu ni ule ule, shina la kutambaa ni lile lile, ua lenye umbo la tarumbeta ni lile lile. Kiazi kitamu kwa jina la kitaalamu ni Ipomoea batatas na mlakasa ni Ipomoea pes-caprae; ni watu wa ukoo mmoja. Undugu huo hauufanyi mlakasa kuwa mboga, na mhadhara huu haumshauri mtu kuupeleka jikoni. Unachofundisha undugu ni kwamba mkulima wa viazi tayari anajua namna ya kuupanda, jambo litakalorejewa katika hoja ya tano.

Ua hufunguka alfajiri. Jua likishakuwa kali huanza kulegea, na kufikia alasiri limejikunja. Kesho yake hufunguka jingine. Anayefika ufukweni saa kumi jioni akakuta majani matupu asiseme mmea huu hauchanui. Amechelewa. Aje saa moja asubuhi, atawakuta nyuki, wakiwemo wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao, wakizama kwenye koo la zambarau iliyokolea na kutoka wamejaa chavua mgongoni.

Baada ya ua huja tunda, ganda la mviringo lenye mbegu nne za kahawia, zenye manyoya laini kama mahameli. Mbegu hizo huelea. Ganda gumu la kila mbegu haliruhusu maji ya chumvi kupenya upesi, hivyo mbegu huweza kukaa baharini kwa miezi mingi, zikatupwa ufukwe wa mbali na kuota. Hiyo ndiyo sababu mlakasa ule ule unaotambaa Bagamoyo na Jambiani unatambaa pia India, Thailand, Australia, Brazil na visiwa vya Pasifiki. Ni mmoja wa mimea iliyosambazwa mbali zaidi na bahari duniani, na haukuhitaji jahazi wala meli.

Historia ya jina lake la kitaalamu inapita karibu na kwetu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliuandika katika kitabu chake cha mimea kwa jina Convolvulus pes-caprae. Maneno mawili ya mwisho kwa Kilatini ni mguu wa mbuzi. Mwaka 1816 nahodha James Hingston Tuckey wa jeshi la majini la Uingereza aliongoza msafara kuingia Mto Kongo, akiwa na mtaalamu wa mimea kutoka Norway, Christen Smith. Wote wawili walifariki kwa maradhi mwaka huo huo. Mimea aliyoikusanya Smith ilifika London bila mwenyewe, na kazi ya kuichambua akapewa mtaalamu wa mimea Robert Brown. Katika kitabu cha msafara huo, kilichochapwa mwaka 1818, Brown ndiye aliyeuhamishia mlakasa kwenye ukoo wa Ipomoea, mahali ulipo hadi leo. Kwa hiyo jina linalotumiwa na wataalamu wa dunia nzima liliandikwa katika kitabu cha safari ya Kongo, na msingi wake ni kazi ya kijana aliyefia safarini. Inafaa walimu wa baiolojia waliomo humu wawasimulie wanafunzi wao habari hiyo.

2. Namna unavyoshika mchanga

Mchanga wa ufukweni una safari yake. Maji yakipwa, sehemu ya juu ya ufukwe hukauka kwa jua. Kusi ikivuma, punje kavu huanza kwenda. Haziruki juu kama vumbi la barabara. Huruka kidogo, huanguka, hugonga wenzake, nao huruka, na karibu safari yote hufanyika chini ya magoti. Aliyewahi kutandika mkeka ufukweni mwezi wa Julai analijua hilo kwa ngozi yake: mchanga humchoma miguuni na mbavuni, na akisimama uso wake hubaki salama.

Sasa chukua zulia la mlakasa uliweke njiani. Majani yake husimama juu ya vikonyo, kimo cha kiganja hadi shubiri moja kutoka ardhini, palepale mchanga unapopita. Upepo ukiingia katikati ya majani hupungua kasi. Ukipungua kasi unashindwa kubeba, na ukishindwa kubeba unatua mzigo. Punje hudondoka ndani ya majani na kubaki humo. Kesho hivyo hivyo, kesho kutwa hivyo hivyo, hadi kusi itulie.

Nyasi za bustani pia hupunguza upepo. Tofauti huja baada ya hapo, na tofauti hiyo ndiyo roho ya mhadhara huu. Nyasi nyingi zikifukiwa na mchanga hukosa hewa na mwanga, zikafa. Mlakasa ukifukiwa hustawi. Tazameni tena rando linalopita: kila baada ya hatua ya vidole vichache pana kifundo, na kwenye baadhi ya vifundo vimeanza kuchomoza vijizizi vyeupe. Kifundo kikifunikwa hutoa mizizi na kushika mahali pake, huku ncha ya shina ikipanda juu kutafuta mwanga. Ukija mchanga mwingine hufunikwa kifundo kingine, na mizizi mingine hutoka. Baada ya misimu kadhaa panakuwa na tuta, na ndani ya tuta mna mashina yaliyopishana huku na huku kama ukili uliosukwa. Mtu akiparua ubavu wa tuta la namna hiyo kwa mkono, mahali ambapo bamvua limeukata, hukuta mashina ya zamani yamelala ngazi kwa ngazi, mengine yameshakauka lakini bado yanafunga mchanga.

Mmea wenyewe umeumbwa kwa kazi hiyo. Shina moja hupita urefu wa mita 10. Mzizi mkuu huenda chini mita moja na zaidi, kufuata unyevu ambao nyasi haziufikii. Jani nene huhifadhi maji na halichomwi na manyunyu ya chumvi, nalo hujikunja ili jua la adhuhuri lisilipige bapa. Hauhitaji samadi wala udongo mweusi. Bahari ikichafuka na kuukata upande wa mbele, vipande vilivyosombwa huweza kutupwa pengine na kushika mizizi huko, na shina lililobaki huanza tena kuteremka kuelekea majini hali ikitulia.

Wataalamu wa mimea huuita mmea mtangulizi. Kwa lugha ya nyumbani, mlakasa ndio unaotandika mkeka, wengine wakaja kukaa. Mchanga ukishatulia huja majani ya aina nyingine, kisha vichaka, kisha mkadi, mvinje na mkungu. Kila hatua hupata kivuli na majani yaliyooza kutoka hatua iliyotangulia. Ukiondoa mtangulizi, huwezi kuwalaumu wafuasi kwa kuchelewa.

Hapa ndipo panapouma. Katika fukwe nyingi za pwani yetu, siku ya fundi bustani huanza kwa reki. Hufagia mwani, hufagia majani, na akifika kwenye mlakasa huchukua panga, kwa sababu ameagizwa mchanga uonekane mweupe na mtupu kama kwenye picha. Fundi halaumiwi, anatimiza agizo. Lakini kila rando analong'oa ni mlango anaoufungulia upepo. Mchanga uliokuwa ukae mbele ya nyumba huingia barazani, hujaza mifereji, huvuka ukuta na kupotea barabarani. Na bamvua kubwa likija halikuti tuta la kulipa chochote.

Kuna njia rahisi ya kulithibitisha jambo hili bila kumwamini mtu yeyote. Kesho asubuhi, kila anayekaa karibu na bahari aende atafute mpaka wa viwanja viwili, kimoja mlakasa umeachwa, kingine unafyekwa. Asimame kwenye mpaka huo, apeleke macho usawa wa ardhi. Mara nyingi ataona ngazi: upande wenye majani uko juu, upande uliofagiwa uko chini. Achukue fimbo apime. Wanafunzi wanaweza kufanya zoezi hili kila mwezi kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi, wakaandika vipimo vyao daftarini. Ni sayansi kamili na haina gharama.

3. Mlakasa hauzuii wimbi

Hoja hii ni fupi, lakini bila yake mhadhara ungekuwa wa udanganyifu. Mlakasa ni bingwa wa upepo. Wimbi ni jambo jingine. Bahari iliyoamua kula ufukwe haizuiwi na ua.

Kunduchi ni mfano unaojulikana. Katika miaka ya 1970 na 1980 bahari ilimega ufukwe wa upande ule wa Dar es Salaam hadi ikafikia majengo ya hoteli ya Africana. Jina la Africana bado linaitwa na makondakta wa daladala kwenye Barabara ya Bagamoyo, na vijana wengi wanaoshuka kituoni hawajui habari ya hoteli hiyo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi katika mito midogo inayoshuka baharini. Mito hiyo ndiyo inayoulisha ufukwe. Mchanga ukichotwa mtoni kwa malori, ufukwe unakaa na njaa, na hakuna mmea unaoweza kushika mchanga ambao haujaletwa.

Kwa hiyo mlakasa una nafasi yake katika ulinzi wa pwani, pamoja na matumbawe yanayovunja mawimbi kwa nje, nyasi za baharini, mikoko kwenye midomo ya mito, na ukuta pale ambapo hapana njia nyingine, kama ilivyofanyika kando ya Barabara ya Barack Obama jijini. Kazi ya mlakasa ni akiba. Tuta lake ni ghala: bahari ikichafuka huchota humo kabla haijafika kwenye msingi wa nyumba, na hali ikitulia mchanga hurudi kidogo kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wengi huiona sheria hiyo kama kikwazo kwa mwenye kiwanja. Anayeelewa kazi ya tuta ataona kwamba mita 60 hizo ndizo ghala lenyewe, na ni haki zijazwe.

4. Kasa na mlakasa

Jina la mmea huu lina kasa ndani yake, na wote wawili hukutana mahali pamoja: kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa maji. Pwani ya Tanzania kasa wa kijani na ng'amba bado hupanda kutaga, kuanzia Madete katika Hifadhi ya Saadani hadi Kisiwa cha Juani, Mafia. Jike hupanda usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, na kasa wa kijani huacha mayai yapatayo mia moja au zaidi. Baada ya karibu miezi miwili vifaranga hujifukua wenyewe na kukimbilia majini. Joto la mchanga ndilo huamua kama watakuwa majike au madume. Mchanga ukiwa wa moto zaidi, majike huwa wengi.

Mtu angependa kusema hapa kwamba mlakasa na kasa ni marafiki, na suala likaishia hapo. Ukweli una pande mbili. Tuta linaloshikwa na mlakasa humpa kasa mahali pa juu pa kutagia, ambapo maji hayafiki kuozesha mayai. Lakini mizizi huweza kuingia kwenye kiota, kunyonya unyevu wa mayai na kuyazingira, na mashina yaliyosongamana huweza kuwanasa vifaranga wakitoka. Katika ufukwe wa Sandy Point, kisiwa cha St. Croix huko Karibi, watafiti walilichunguza jambo hili kwenye viota vya kasa mkubwa wa ngozi. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mlakasa ukivamia kiota, vifaranga wanaoanguliwa hupungua.

Msimamo wa mhadhara huu ni kwamba mwenye ufukwe ambako kasa hutaga asipande mlakasa hadi kwenye ukingo wa maji. Auache ushike nyuma, aache ukanda wa mchanga mtupu mbele yake, na kabla ya kugusa chochote azungumze na watu wanaolinda viota vya eneo lake. Wao hutembea ufukwe huo usiku na alfajiri, na wanajua jike gani amepanda wapi.

Neno moja la pembeni kabla ya kuendelea, kwa sababu litaulizwa. Ndiyo, mlakasa hutumika kama dawa ya kuchomwa na konyeza, yule ambaye wengine humwita yavuyavu. Wavuvi wa Thailand wameutumia hivyo kwa muda mrefu. Kwao jina lake humaanisha mchicha wa baharini, kwa maana ya ule mchicha wa majini ambao nao ni wa ukoo huu. Mwaka 1991 watafiti wa huko na wenzao walichapisha majaribio ya maabara yaliyoonyesha kuwa dondoo la majani yake hupunguza nguvu ya sumu ya konyeza wa aina kadhaa. Hiyo ni habari ya kutia moyo. Haimwondolei mtu aliyechomwa vibaya, hasa mtoto, wajibu wa kufikishwa hospitali.

5. Bustani

Sasa tuingie bustanini, maana wengi wamekuja kwa ajili ya hili.

Bustani nyingi za pwani leo zimefunikwa na mtambaa mwingine: majani ya kijani ya kung'aa, maua madogo ya njano kama ya alizeti. Mafundi humwita wedelia. Asili yake ni Amerika ya Kati, Karibi na Amerika ya Kusini. Ni mzuri kwa macho, hupatikana kwenye kila kitalu kando ya barabara, na hufunika ardhi upesi. Tatizo ni kwamba hajui mpaka. Kipande cha shina kilichotupwa jalalani na kifundo chake hushika mizizi. Mtaro wa maji ya mvua humpeleka mtaani. Akifika kwenye eneo lenye unyevu hujaza kila nafasi na mimea ya asili hukosa pa kuota. Wedelia yumo katika orodha ya viumbe wavamizi 100 wabaya zaidi duniani iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Haifai kumtukana fundi aliyempanda bila kujua. Inafaa kuacha kumpanda. Anayemng'oa asitupe mabaki mtaroni. Ayaanike juu ya sakafu ya saruji hadi yakauke kabisa.

Mlakasa nao hutambaa kwa nguvu, na hilo lisifichwe. Mahali pa mchanga na jua kamili utavuka njia na kuingia kwenye kitanda cha maua kama haukatwi. Tofauti ni kwamba hapa ni kwao. Nyuki wake wapo, sisimizi wake wapo, mimea inayoufuata ipo. Tena hauna tamaa ya kivuli: ukifika chini ya mwembe wenye majani mazito hudhoofika wenyewe.

Namna ya kupanda ni ile ya viazi. Kata marando yenye urefu wa mkono, kila moja likiwa na vifundo vitano au sita. Punguza majani ya chini. Fukia vifundo viwili au vitatu kwa kina cha kiganja, ukilaza rando badala ya kulisimamisha, na uache ncha nje. Acha nusu mita hadi mita moja kati ya rando na rando. Wakati wake ni mwanzo wa masika au mwanzo wa vuli. Mwagilia kila jioni hadi majani mapya yatoke, kisha acha. Atakayependa mbegu ajue kwamba ganda lake gumu huchelewesha kuota. Aikwaruze kidogo kwenye jiwe na kuiloweka usiku mmoja.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: marando yasitoke kwenye shina moja. Utafiti uliofanywa kwenye fukwe za Ghuba ya Mexico ulionyesha kwamba ua la mlakasa halitungi mbegu kwa chavua ya mmea wake wenyewe. Bustani iliyojazwa na vipande vya shina moja itachanua kila asubuhi na kubaki bila tunda. Chukua rando hapa, jingine hatua 50 mbele, jingine kwa jirani. Usikate kutoka mstari wa mbele wa tuta unaokabili bahari, usivute mzizi mkuu, na usikate kabisa ndani ya hifadhi.

Adui mkubwa wa mlakasa uliopandwa karibuni ni mguu wa mtu. Mashina yake hupondeka yakikanyagwa mara kwa mara, na kila njia ya mkato ya kwenda majini hugeuka mfereji wa upepo. Tenga njia moja, iweke ubavu ukielekea upepo badala ya kuufungulia mdomo, zungusha kamba na vigingi pande zote mbili. Bustani ya ufukweni haihitaji uzio mwingine.

Aliyetoka Morogoro au Dodoma asisumbuke kubeba marando. Mmea huu unataka mchanga wa pwani na joto la pwani. Huko bara ipo mimea mingine ya kutambaa inayostahili mhadhara wake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda umekwenda, na yapo mambo matatu ambayo ukumbi huu unaweza kuyaanza bila kusubiri bajeti ya mtu. Shule zilizo karibu na bahari zinaweza kufungua vitalu vya mlakasa pembeni ya bustani za matembele, kwa maana ufundi ni mmoja, na watoto wakawa ndio wauzaji wa marando kwa wenye viwanja. Kamati za mazingira za mitaa zinaweza kuutembea ufukwe wao mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na mwisho wa kusi, kuandika wapi tuta limepanda na wapi limeshuka. Na wenye hoteli, ambao wageni wao wametoka mbali kuja kuona pwani, wanaweza kuacha hatua kumi tu za mlakasa mbele ya mgahawa, wapunguze reki hapo, waweke kibao kidogo chenye jina lake, na wamwamshe mgeni alfajiri akaone maua yakifunguka.

Kwa fundi bustani aliyeagizwa kufyeka, kuna neno la heshima analoweza kumpelekea mwajiri wake: aombe msimu mmoja. Aachiwe kona moja ya ufukwe kuanzia masika hii hadi kusi iishe, achomeke kijiti chenye alama ya sentimita katikati ya majani, na kingine upande unaofagiwa. Mwezi wa Oktoba watakwenda pamoja kusoma vijiti hivyo viwili.

Masika iko karibu. Ndoo ya marando itawekwa pale mlangoni. Yametoka kwenye mashina sita tofauti, na yanatosha kwa kila aliyekuja. Atakayechukua ayafunike kwa kitambaa chenye maji, ayapande kesho kabla jua halijawa kali, vifundo viwili chini ya mchanga na ncha ikielekea bahari.